MGENI ANAYEOMBA JEMBE



Katika somo la safari hii tunapenda tuangalie jambo ambalo mwanzoni huenda likaonekana kuwa la watu wa mbali: taabu wanazozipata Waasia wenye ujuzi wanapohamia nchi za ng'ambo na kutafuta kazi. Tunasema wenye ujuzi, yaani madaktari, wahandisi, wahasibu, waalimu na wauguzi, watu ambao kwao walikuwa na kazi na heshima yao. Hatusemi habari za vibarua wanaokwenda Arabuni kujenga majumba. Hao nao wana mashaka yao, tena makubwa, lakini ni somo jingine.

Wala watu hawa si wageni kwetu. Wazee wetu wanawakumbuka Wahindi waliotushonea nguo, walioandika vitabu vya hesabu katika ofisi za reli, waliotufundisha shuleni na kututibu hospitalini. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda wenye pasi za Kiingereza waondoke nchini, na siku walizopewa zilikuwa 90. Watu wapatao 28,000 walikwenda Uingereza, na zaidi ya 7,000 wakapokelewa Kanada. Kwa hiyo tukifuata habari za Waasia huko ng'ambo, mara nyingi tunafuata habari za watu waliozaliwa Kampala, Jinja, Mombasa au Tanga.

Methali yetu yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida twaitumia kumsema mgeni mvivu aliyezoea kuandaliwa. Mgeni wa somo letu ni wa namna nyingine. Siku ya kwanza tu anauliza jembe liko wapi, naye anajibiwa kwamba jembe lipo ila hajulikani kama anajua kulima, basi ashike fagio kwanza. Nasi tunataka kujua ni nani anayemjibu hivyo, na kwa sababu gani.

Waliofika Uingereza

Serikali ya Uingereza iliunda bodi maalum ya kuwapokea watu wa Uganda, na kambi 16 zikafunguliwa, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi. Watu wa kujitolea, wakiwamo watu wa makanisa, walileta blanketi na makoti, maana wageni walishuka ndegeni na nguo nyepesi wakati baridi inaanza. Hilo lilikuwa jema na tusilidharau. Lakini tukumbuke kwamba kumpa mtu koti ni rahisi kuliko kumpa kazi yake. Koti halimnyang'anyi mwenyeji kitu, kumbe kazi huonekana kama imetolewa mfukoni mwake.

Mwezi wa Septemba mwaka ule baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwasihi Waasia wasije kwao kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Walikwenda vivyo hivyo, kwa maelfu. (Wako wanaosema kwamba wengine hawakuwa wamesikia jina la Leicester mpaka walipolisoma katika tangazo hilo.) Kazi zilikuwapo, kwa sababu viwanda vya soksi, vya nguo na vya vyuma vilikuwa na haja ya mikono. Mikono ndiyo iliyotakiwa. Karani na mwalimu walisimama mbele ya mashine zamu ya usiku, na vyeti vyao vikabaki sandukuni.

Mmoja katika Waasia waliopita kwetu, ambaye jina lake limeandikwa katika historia ya Uingereza, ni Bibi Jayaben Desai. Alizaliwa Gujarat, akaishi Tanganyika na mumewe, kisha wakahamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Agosti 1976 alitoka nje ya kiwanda cha kusafishia picha cha Grunwick, kaskazini ya London, kwa kuchoshwa na kulazimishwa kazi ya saa za ziada, na wenzake wakamfuata. Wengi wa waliogoma walikuwa akina mama wa Kiasia kutoka Afrika Mashariki. Mgomo uliendelea karibu miaka miwili, hadi Julai 1978, wala hawakurudishwa kazini. Tunautaja hapa kwa sababu unatuonyesha jambo moja: mtu aliyefungiwa mlango wa kazi anayoiweza huwa rahisi kubanwa katika kazi aliyoipata, kwa kuwa mwajiri anajua kwamba hana pengine pa kwenda.

Hata waliopata kazi yao hasa walipangiwa mahali pa kukaa. Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, iliyoanzishwa 1948, isingaliweza kuendeshwa bila madaktari kutoka India, Pakistan na Sri Lanka. Lakini nafasi walizozipata kwa wingi ni zile ambazo vijana wa Kiingereza hawakuzitaka: wodi za wazee, hospitali za wagonjwa wa akili, na zahanati za mitaa ya maskini na za mabonde ya makaa ya mawe huko Wales. Wagonjwa wa huko walibahatika, na wengi waliwapenda madaktari wao. Lakini daktari aliyetaka kuwa bingwa wa upasuaji wa moyo akaishia penginepo pasipokuwa chaguo lake, huyo alipoteza kitu, hata kama mwenyewe hakulalamika.

Jina lililo juu ya barua

Hapa kuna swali la haki ambalo lazima tuliulize. Je, si kweli kwamba vyuo havilingani? Mwajiri wa Manchester atajuaje kama chuo cha Lahore kinafundisha vizuri? Swali hili lina uzito, nasi hatutaki kulipita kwa haraka. Ila kuna watu waliojaribu kulijibu kwa vitendo.

Mwaka 1993 madaktari wawili wa Uingereza, Aneez Esmail na Sam Everington, walitangaza matokeo ya jaribio lao katika jarida la madaktari la nchi ile. Waliandika barua za maombi ya kazi za udaktari, mbili mbili kwa kila nafasi, moja ikiwa na jina la Kiingereza na nyingine jina la Kiasia. Umri, elimu na uzoefu vilikuwa sawasawa, na wote walioandikwa humo walikuwa wamesoma Uingereza. Basi hapakuwa na Lahore wala Bombay. Hata hivyo wenye majina ya Kiingereza walichaguliwa kwenda kuhojiwa mara mbili zaidi ya wenye majina ya Kiasia. Na jambo la kushangaza ni kwamba kabla hawajamaliza kupeleka barua zao polisi waliwakamata, kwa kosa la kuomba kazi kwa udanganyifu!

Jaribio kubwa zaidi lilifanywa Toronto, Kanada, na mtaalamu wa uchumi Philip Oreopoulos, ambaye matokeo yake ya kwanza yalitoka 2009. Yeye alipeleka maelfu ya maombi kwa waajiri waliotangaza kazi za aina nyingi. Waombaji wenye majina ya Kiingereza, waliosoma Kanada na kufanya kazi Kanada, waliitwa 16 katika kila 100. Wenye majina ya Kichina, Kihindi au Kipakistani, elimu na uzoefu vikiwa vile vile vya Kanada, waliitwa 11. Na wenye majina hayo ambao elimu na uzoefu wao ni wa kwao waliitwa 5 tu.

Tusimame kidogo juu ya hesabu hizi. Kutoka 16 kushuka hadi 11 hakuna tofauti yoyote ila jina. Waajiri walipoulizwa baadaye kwa nini, wengi walisema wana wasiwasi juu ya lugha. Lakini mtu aliyesoma huko na kufanya kazi huko miaka kadhaa, lugha gani ataikosa? Tena katika jaribio lile walikuwamo pia wageni kutoka Uingereza, ambao nao hawakuwa na shule ya Kanada wala kazi ya Kanada. Hao waliitwa sawa na wenyeji. Kwa hiyo ugeni peke yake haukuwa kosa, wala kusoma nje hakukuwa kosa. Inategemea umetoka nje ipi.

Serikali inakuita, mwajiri hakujui

Kanada inafaa kuchunguzwa zaidi kwa sababu watu hawa haikuwaokota njiani, bali iliwaita. Zamani ilichagua wahamiaji kwa rangi zao, na Wahindi waliozuiwa baharini Vancouver katika meli ya Komagata Maru mwaka 1914, abiria 376, wengi wao walirudishwa walikotoka. Mwaka 1967 utaratibu ukabadilishwa. Tangu hapo mwombaji hupimwa kwa alama: amesoma kiasi gani, ana kazi gani, ana umri gani, anajua lugha. Rangi haiulizwi. Huu ulikuwa uamuzi wa haki, na milango ikafunguka kwa wasomi wa India, Pakistan, China na Ufilipino.

Lakini alama zile hutolewa na serikali ya taifa. Leseni ya kufanya kazi ya uhandisi, udaktari au uuguzi haitolewi na serikali hiyo. Hutolewa katika kila jimbo na chama au bodi ya wataalamu wenyewe. Na kazi yenyewe hutolewa na mwajiri, ambaye hafungwi na mmoja wala mwingine. Hii ni mikono mitatu isiyoshauriana.

Tuchukue mfano wa kufikirika, wa mhandisi wa madaraja kutoka Ahmedabad mwenye kazi ya miaka kumi na miwili. Kwanza vyeti vyake vinapelekwa kwa shirika lililoidhinishwa kuvipima, jambo ambalo kwa wataalamu wa namna yake limekuwa la lazima tangu 2013. Jibu linakuja kwamba shahada yake ni sawa na shahada ya Kanada. Anafurahi. Anauza nyumba, anafunga mizigo, anasafiri na mke na watoto. Akifika Toronto anakwenda kwenye chama cha wahandisi, ambako anaambiwa kwamba kule kupimwa kwa vyeti kulikuwa kwa ajili ya kuingia nchini, si kwa ajili ya leseni, na kwamba ataanza upya kuthibitisha masomo yake. Halafu anakwenda kwa waajiri. Wa kwanza anamwuliza, "Una uzoefu wa Kanada?" Wa pili anamwuliza hilo hilo, na wa tatu pia.

Ili apate uzoefu lazima apate kazi, na ili apate kazi lazima awe na uzoefu. Katika jimbo la Ontario chama cha wahandisi chenyewe kilikuwa kikidai angalau miezi 12 ya kazi ndani ya Kanada kabla ya kumpa mtu leseni, na sharti hilo liliondolewa 2023 tu.

Wakati huo akiba inakwisha. Kodi ya nyumba haingoji barua ya chama. Mhandisi wetu anashika kazi ya ghala, kupakia masanduku usiku, akisema ni ya miezi mitatu. Anayepakia masanduku usiku hawezi kusoma kwa ajili ya mtihani mchana, na ada za mitihani nazo si ndogo. Baada ya miaka mitatu anaitwa kuhojiwa, anaulizwa, "Na miaka hii mitatu ulikuwa unafanya nini?" Hapo lile ghala, ambalo lilimlisha, linageuka kuwa shahidi dhidi yake.

Watu hupenda kutania kwamba ukitaka daktari Toronto uite teksi. Tulitafuta ukweli wa mzaha huo. Uchunguzi mmoja wa serikali uliotoka 2012, uliotumia hesabu ya watu ya 2006, uliona kwamba katika madereva wa teksi kama 50,000 wa Kanada nzima, wenye shahada ya udaktari wa tiba au ya juu kabisa ya chuo kikuu walikuwa 255, na 200 kati yao ni wahamiaji. Basi mzaha umetiwa chumvi. Lakini twadhani umeficha jambo kuliko kulifichua, kwa maana tukicheka juu ya daktari katika teksi tunamsahau mhasibu aliye nyuma ya kaunta ya duka na mwalimu anayefagia ofisi, ambao ni wengi na hakuna awataniaye.

Muuguzi anayelea mtoto wa mwingine

Kwa wanawake wa Ufilipino njia ilikuwa nyingine. Kuanzia 1992 Kanada ilikuwa na mpango wa walezi wanaoishi ndani ya nyumba ya mwajiri, na wengi mno wa walioupitia walikuwa Wafilipino. Miongoni mwao walikuwamo wauguzi na waalimu waliohitimu vizuri. Masharti yalikuwa kwamba afanye kazi ya ulezi miezi 24, alale humo humo nyumbani kwa mwajiri, ndipo aombe ruhusa ya kukaa nchini na kumleta mume na watoto. Mpango ulifungwa kwa waombaji wapya 2014.

Mama mmoja wa namna hii anamwogesha mzee na kumpa dawa zake kwa ustadi wote wa muuguzi, lakini karatasi zake zinasema ni mtumishi wa nyumbani. Miaka ile miwili, pamoja na ile ya kungoja majibu, haihesabiwi kuwa ya uuguzi. Anapoiendea bodi ya wauguzi, inamwambia kwamba imepita miaka mingi tangu afanye kazi hospitalini. Na watoto wake aliowaacha Manila na bibi yao wamekua, nao wanamjua kwa sauti ya simu.

Hata katika nyumba zisizotengana ujuzi uliofungwa huleta uchungu. Baba aliyekuwa akiombwa shauri na mtaa mzima anakuwa mtu wa kunyamaza. Habari zinazopelekwa nyumbani huchaguliwa: "Nafanya kazi katika kampuni kubwa," na kampuni ni kubwa kweli, ila haisemwi anafanya nini humo. Hivyo jamaa zake wanaobaki hawajifunzi kitu, na mdogo wake mwaka unaofuata anauza shamba apate nauli.

Lipi ni haki na lipi si haki

Tusiwe watu wa kulaumu kila kitu. Mtihani wa daktari ni wa haki. Hakuna kati yetu anayetaka kupasuliwa na mtu ambaye hakuna aliyempima, na daraja likianguka halimwulizi anayepita juu yake ametoka wapi. Tunavyoona sisi, mtihani ulio wazi, wenye ada inayolipika na tarehe inayojulikana, ni heshima kwa mgeni, maana unampa nafasi ya kuonyesha alichonacho. Lile sharti la "uzoefu wa hapa" ni kitu kingine. Halipimi chochote. Mtu anaweza kuwa na miezi kumi na miwili ya kazi mbovu ndani ya Toronto akapita, na mwingine mwenye miaka kumi na miwili ya madaraja yanayosimama hadi leo akabaki nje.

Wakanada wenyewe wamelitambua hilo, polepole. Mwaka 2006 Ontario ilitunga sheria ya kuzitaka bodi za kazi ziwatendee waombaji kwa uwazi na haki. Mwaka 2013 tume ya haki za binadamu ya jimbo hilo ilitamka kwamba kudai uzoefu wa Kanada bila sababu ya kweli ni ubaguzi. Sheria ya 2021 ikazikataza bodi nyingi za kazi zenye leseni kudai uzoefu huo, isipokuwa kwa ruhusa maalum. Na sheria nyingine ya 2024 inawakataza waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi kuyaandika maneno hayo katika matangazo ya kazi, kuanzia 1 Januari 2026. Tangu yule wa kwanza alipoingia kwa alama mwaka 1967 mpaka hapo ni karibu miaka sitini, yaani umri wote wa mtu wa kufanya kazi.

Sheria inaweza kufuta neno katika tangazo. Haiwezi kuufikia mkono unaopanga barua mezani, ukiiweka moja juu na nyingine chini kwa kulitazama jina. Madaktari wa kigeni nao wana shida ambayo sheria hizi haziigusi: baada ya kushinda mitihani yote wanatakiwa kupata nafasi ya mafunzo hospitalini, na nafasi walizotengewa waliosoma nje ni chache kuliko waombaji.

Kwa wenye vijana wanaojiandaa

Tunajua kwamba katika usharika wetu wako wazazi ambao vijana wao wauguzi na wahandisi wanafikiri kufuata njia hii hii. Waasia waliotangulia wamejifunza mambo kadhaa kwa gharama kubwa, nasi twaweza kuyachukua bure.

La kwanza ni kuiandikia bodi ya kazi yenyewe, ya jimbo lile lile unalokwenda, ukiwa bado uko kwenu na mshahara wako unaendelea. Kibali cha kuingia nchini si leseni. Bodi nyingi hutaka chuo kizipeleke karatasi za matokeo moja kwa moja, pamoja na maelezo ya kila somo ulilofundishwa, na kumfuata msajili wa chuo chako ukiwa ng'ambo ni kazi ya miezi. Hakikisha jina limeandikwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa, pasi na shahada; herufi moja imewachelewesha wengi. Uliza ni sehemu gani ya mitihani inayoweza kufanyiwa nje ya nchi ile, maana ziko. Mwombe mwajiri wako wa sasa barua inayoeleza kazi ulizozifanya kwa undani, si ile ya mistari mitatu ya kusema ulikuwa na tabia njema.

Na wazazi, kijana akipiga simu kutoka huko akasema anafanya kazi katika kampuni kubwa, mwulizeni kwa upole anafanya nini humo, na muwe tayari kusikia jibu bila kumwaibisha.